Gari ya 2004, mita inasoma 248,000. Nichukue au nipite?

#1 MguuChini
Wakuu habari. Nimechoka kutembea, jina langu linajieleza. Nimepata gari ya 2004, sedani ya petroli, injini 1.8, gia otomatiki. Mita inasoma 248,000. Bodi haijapigwa, ndani pasafi, kiyoyozi kinapuliza baridi. Mwenye gari ni mzee mstaafu, anasema ilikuwa ya safari ndefu tu, barabara kuu, foleni haizijui. Bei anayotaka ni kama theluthi ya bei ya gari ya aina hiyohiyo yenye mita nusu ya hii.

Shemeji yangu anasema ikishavuka laki mbili hiyo ni chuma chakavu chenye usukani. Fundi wangu anasema bora hii kuliko yenye mita ndogo ambayo hujui nani kaishusha. Nimekaa katikati yao kama gasketi. Naombeni mawazo kabla ya Jumamosi, kuna mtu mwingine anaizungukia.

#2 ChumaChakavu
Naona nimetajwa. Shemeji yako ana akili. Pita.

#3 Spea Tairi
"Kuna mtu mwingine anaizungukia." Huyo mtu mwingine nimeshindana naye kila nilipokwenda kuangalia gari tangu nianze kununua magari. Sijawahi kumwona sura. Usikimbizwe na mzimu, mkuu.

#4 MzeeWaGereji
Tuanze na hesabu maana naona watu wanaogopa namba. Injini haijui kilometa, inajua saa ilizozunguka. Gari iliyokwenda kilometa 248,000 kwa mwendo wa wastani wa 80 kwa saa imefanya kazi saa 3,100. Gari ya foleni yenye kilometa 124,000 kwa wastani wa 20 kwa saa imefanya kazi saa 6,200. Ile yenye mita nusu ndiyo iliyochoka mara mbili. Na gari ya safari huwaka mara moja asubuhi, injini ikapata moto wake, ikatulia hapo hadi jioni. Gari ya mizunguko mifupi huwashwa ya baridi mara sita kwa siku, na injini nyingi hulika sana dakika zile za kwanza kabla oili haijapanda na kupata moto.

Kwa hiyo swali la kwanza si 248,000. Ni je, kweli zilikuwa za barabara kuu?

#5 Spana14
Mzee #4 nakubaliana na injini, lakini beringi za magurudumu hazihesabu saa, zinahesabu mizunguko. Shokapu, boljointi, tairodi, vikombe vya ekseli, vyote hivyo vinalipia kila kilometa hata ukienda mwendo wa harusi. Halafu kuna mpira: bushi, hozi za maji, sili za injini. Hizo zinahesabu miaka. Ya 2004 imeshafikisha miaka ishirini na ushee, hata ingekuwa imelala stoo ikifutwa vumbi, mpira umeshakauka.

#6 MzeeWaGereji
@Spana14 sijakataa. Ila bushi zinabadilishika mchana mmoja. Injini na giaboksi ndivyo vinavyomlaza mtu macho.

#7 Dada Klachi
Madai ya barabara kuu unaweza kuyapima kwa macho, huhitaji kumwamini mzee wala kumtukana. Gari ya safari ndefu hupigwa na kokoto: angalia ukingo wa boneti mbele na kioo cha mbele, utaona vidoti vidoti. Kama boneti ina rangi laini kabisa uliza ilipigwa rangi lini. Gari ya mjini huchoka mlangoni: ubavu wa kiti cha dereva umelala kwa kupanda na kushuka, bawaba za mlango zinacheza, raba ya pedeli ya breki imelika hadi chuma, rimu zimekwaruzwa na kingo za njia.

Mimi nilinunua moja niliyoambiwa ni ya "daktari mmoja, kazini na nyumbani". Nilipoinua zulia la nyuma nikakuta kalamu za watoto saba, tiketi, na kichwa cha mwanasesere. Lilikuwa gari la kubebea wanafunzi. Daktari gani huyo.

#8 ChumaChakavu
Daktari wa watoto.

#9 Mhasibu Mkali
Mnazungumzia chuma, mimi nizungumzie mfuko. Mleta uzi, ukisema bei ni theluthi, basi zile theluthi mbili ulizookoa si zako bado. Gari ya umri huu ukiichukua, siku ileile inataka oili zote mpya, filta zote, maji ya rejeta, oili ya breki (hiyo hunyonya unyevu hewani, inatakiwa kubadilishwa kila miaka miwili hivi na hakuna anayebadilisha), plagi, pengine betri, pengine tairi. Na kama injini ni ya taimingi belti (mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende pamoja) na hakuna ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Ukiitumia pesa yote kwenye kununua halafu ukaanza kuomba gari iwe na huruma, haina.

#10 MguuChini
Asanteni. @Dada Klachi boneti ina vidoti vingi tu, na kiti cha dereva kiko vizuri. Pedeli ya breki imelika upande wa kulia kidogo. @Mhasibu Mkali ni ya taimingi belti, fundi kathibitisha. Kuna stika ndani ya boneti imeandikwa kwa kalamu: belti ilibadilishwa 192,000, pamoja na wota pampu.

#11 Mhasibu Mkali
Basi imekwenda 56,000 tangu ibadilishwe. Belti nyingi hupewa kama 100,000 hivi, nyingine chini, nyingine juu, kitabu cha gari kitakwambia. Hapo una nafasi, ila uliza na mwaka. Belti nayo inazeeka hata gari ikiwa imeegeshwa.

#12 Kijana wa Cheni
Ndiyo maana mimi nanunua zenye taimingi cheni tu. Cheni haibadilishwi milele.

#13 Spana14
@Kijana wa Cheni nani kakudanganya? Cheni inarefuka, reli zake za plastiki zinalika, na kifaa chake cha kukaza kinategemea oili. Mtu asiyebadilisha oili kwa wakati anaiua cheni taratibu, na ikianza kulia kama mnyororo wa baiskeli asubuhi, gharama yake mara nyingi inazidi ya belti mara kadhaa. Belti ikikatika kwenye injini ambayo pistoni na valvu zinapishana karibu, valvu zinaweza kupinda. Cheni ikiruka ni vilevile.

#14 Kijana wa Cheni
Mimi nilikuwa nachangia tu jamani.

#15 Nahodha wa Nchi Kavu
Mnaoogopa laki mbili mna mioyo midogo. Kuna dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, Mercedes-Benz 240D yake ya 1976 ilifika kilometa milioni 4.6, mwaka 2004 kampuni ikaichukua ikaweka makumbusho. Na yule Mmarekani Irv Gordon na Volvo P1800 aliyoinunua 1966, kilometa milioni 3 ilipofika 2013. Mleta uzi hata hujaanza, gari yako bado inanyonya.

#16 ChumaChakavu
Sema na injini zilibadilishwa mara ngapi. Hiyo teksi haikumaliza na injini iliyotoka nayo kiwandani, ilibadilishiwa zaidi ya mara moja. Shoka lilelile, mpini mpya, kichwa kipya.

Halafu mnatutajia wawili walionusurika. Maelfu waliozaliwa kiwanda kimoja na hilo teksi walishakuwa vijiko zamani.

#17 Bi Ramani
@Nahodha marekebisho madogo: Gordon alifika MAILI milioni 3, siyo kilometa. Hiyo ni karibu kilometa milioni 4.8, kwa hiyo anampita Mgiriki. Maili moja ni kilometa 1.609.

#18 Nahodha wa Nchi Kavu
Nimekubali. Kwa hiyo hoja yangu imepata nguvu zaidi.

#19 Bi Ramani
Nimejisahihisha mwenyewe kichwani nikakumbuka jambo. @MguuChini mita ya gari hiyo ni ya maili au ya kilometa?

#20 MguuChini
Imeandikwa 248,000 tu. Haina maneno pembeni.

#21 Bi Ramani
Angalia duara la mwendo. Namba kubwa za nje zinaishia ngapi?

#22 MguuChini
Nimeangalia picha niliyopiga. Kubwa zinaishia 140. Ndani kuna ndogo ndogo nyekundu zinaishia 220.

#23 Spea Tairi
Innalillahi.

#24 ChumaChakavu
248,000 mara 1.609 ni kama 399,000. Laki nne, wakuu. Laki nne kasoro siku ya kwenda kwa shemeji na kurudi.

#25 Dada Klachi
Hahaha, pole kaka. Duara lenye namba kubwa za maili kwa kawaida mita yake nayo huhesabu maili. Na ile stika: tangu 192,000 si kilometa 56,000 tena, ni maili 56,000, yaani kilometa 90,000. Hiyo belti haina nafasi, ni ya kubadilisha kabla ya kwenda popote.

#26 Mhasibu Mkali
Naondoa #11. Na bei ile ya theluthi sasa naielewa.

#27 MzeeWaGereji
Tulieni. Kabla hatujamzika: duara la maili halithibitishi kitu peke yake. Dashibodi zinaungua na kubadilishwa, watu wanafunga ya mtumba kutoka gari iliyotoka nchi ya maili. Namba unayoiona inaweza kuwa ya gari nyingine kabisa. Pia kuna mita za kidijitali ambazo ukibonyeza kitufe sekunde kadhaa zinahama kutoka maili kwenda kilometa. Abonyeze aone.

#28 Spana14
Na kama ni dashibodi ya mtumba basi hatujui chochote: si 248, si 399, inaweza kuwa hata zaidi.

Njia ya kujua ni kompyuta. Baadhi ya magari ya miaka ile yana kumbukumbu ya umbali si kwenye dashibodi tu, hata kompyuta ya giaboksi au ya breki za ABS huweza kuhifadhi. Chomeka mashine isome zote. Wanaoshusha mita wengi hushusha inayoonekana tu.

#29 Mpenda Kisigino
Samahani natoka nje ya mada. Ni "gari ya" au "gari la"? Mwalimu wangu wa darasa la tano angewachapa wote humu isipokuwa Dada Klachi #7, na hata yeye kachanganya.

#30 ChumaChakavu
Likiwa zima ni "gari la". Likifika laki nne ni "gari ya".

#31 Mama Safari
Nawasoma tangu juzi, nitoe langu. Nimemiliki magari mawili ya umri huo. La kwanza lilikuwa na mita ndogo mno, elfu sitini na kitu kwa gari la miaka kumi na tano. Nilidhani nimeokota dodo. Lilikuwa limekaa miaka sita bila kuwashwa. Tangi lilikuwa na kutu, pampu ya mafuta ikafa, sili zote zikaanza kutoa jasho, breki za nyuma zilishikana. Nililisukuma kuliko nilivyoliendesha.

La pili lilikuwa na laki tatu na ushee, mwenyewe ana daftari. Kila oili tarehe, kila plagi, hadi balbu ya taa ya nyuma. Nimelitumia miaka minne, kubwa lililonisumbua ni altaneta. Nililinunua daftari, gari likaja kama nyongeza.

Mguu, mzee ana daftari?

#32 MguuChini
Ana kitabu cha huduma lakini kinaishia 2015, kwenye 131,400. Baadaye anasema fundi wake alikuwa jirani, "hatukuwa tunaandikiana". Nitaenda Jumamosi na fundi na mashine ya kusoma. Nipeni orodha ya vitu vya kupima.

#33 Spana14
Orodha sikupi, zimejaa kila mahali. Nakupa mawili ambayo watu huyaruka.

Mwambie mzee asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye boneti. Kama ni ya moto, kuna kitu hakutaka ukione ikiwaka ya baridi: moshi, mlio, mzunguko wa injini wa kupanda na kushuka. Simama nyuma, mwingine awashe. Moshi wa bluu ule wa sekunde chache halafu unaisha, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, oili inachuruzika usiku. Bluu inayoendelea unapokanyaga mafuta ni ringi za pistoni zimelika. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto na maji yanapungua, hapo gasketi ya silinda hedi. Mweusi ni petroli nyingi, huo ndio wa bei nafuu.

Pili, pima kompresheni, yaani silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Si kwa sikio, kwa geji, silinda zote. Usitafute namba kubwa, tafuta zinazolingana.

#34 Dada Klachi
Na afungue kifuniko cha oili. Akikuta utando kama maziwa yaliyoganda aondoke, maji yameingia kwenye oili.

#35 MzeeWaGereji
@Dada Klachi asiondoke mbio. Gari inayokwenda safari fupi fupi hupata utando huo kwa jasho tu, injini haipati moto wa kutosha kuukausha. Aangalie na stiki ya oili. Kama kwenye stiki oili ni safi na maji ya rejeta hayapungui wala hayana mafuta juu, ni jasho.

Ila sikilizeni: mzee anasema gari ni ya safari ndefu. Gari ya safari ndefu haipati utando wa jasho. Akiukuta, basi ama gasketi ama uongo.

#36 Dada Klachi
Hapo nimekuvulia kofia, mzee.

#37 Baba Giaboksi
Hakuna aliyegusa giaboksi na jina langu liko hapa. Otomatiki ya laki nne. Aangalie oili yake rangi na harufu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, asithubutu kuibadilisha baada ya kununua! Gari yangu ilikuwa inakwenda vizuri, nikajifanya najali, nikamwaga oili yote ya zamani nikaweka mpya. Wiki ya tatu ikakataa gia ya nne, wiki ya tano ikakataa rivasi.

#38 Spana14
Hadithi hii nimeisikia mara mia. Ulibadilisha kwa sababu gani? Hakuna dalili yoyote uliyoiona kabla?

#39 Baba Giaboksi
Ilikuwa inachelewa kidogo kuingia gia asubuhi.

#40 Spana14
Basi ilikuwa inakufa tayari. Oili mpya imekuta maiti ukaisingizia kuua.

#41 MzeeWaGereji
Si rahisi hivyo. Nimeona zilizokuwa nzima zikateleza baada ya kubadilishwa oili. Maelezo ninayoyaamini: sahani za klachi zikishalika, unga wake unaelea ndani ya oili na ndio unaosaidia kushika. Ukimwaga oili umemwaga na mshiko. Wengine wanasema sabuni za oili mpya zinabandua uchafu ukaziba njia za valvu. Mimi humwaga kiasi tu, ile inayotoka kwa nati ya chini, naongeza mpya, gari ikatembee, baada ya elfu chache narudia.

#42 Kijana wa Cheni
Fundi wetu wa mtaani anasema tatizo ni watu kuweka oili isiyo ya aina yake. Kila giaboksi ina ya kwake. Hapa nina uhakika, msinirukie.

#43 Spana14
Hapo uko sawa, hakuna anayekurukia.

#44 Mama Safari
Jambo moja lisisahauliwe kwa kutazama injini tu: mifuko ya hewa. Magari mengi ya miaka ile yalifungwa mifuko ya kampuni ya Takata, ile ambayo kemikali yake, amonia nitrati, inaharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu, ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Watengenezaji wengi waliyaita magari yarudi kubadilishwa, Marekani pekee mifuko zaidi ya milioni 60. Chukua namba ya chesisi uulize kama gari hilo limo na kama lilishabadilishwa. Laki nne haikuui. Hiyo inaweza.

#45 Bi Ramani
Na angalia tarehe kwenye lebo ya mkanda wa usalama, mara nyingi iko chini karibu na sakafu, pamoja na ile ndogo kwenye kona ya vioo. Kioo kimoja au mkanda mmoja ukipishana sana na mwingine, uliza. Kwenye tairi kuna tarakimu nne, mbili za kwanza wiki na mbili za mwisho mwaka: 3117 ni wiki ya 31 ya 2017. Mashine haihitajiki kwa hilo, ni kupiga magoti tu.

#46 Spea Tairi
Na ya akiba muitazame. Nasema kama mdau.

#47 MguuChini
Nimerudi kutoka kwa mzee. Naandika kama yalivyotokea.

Boneti ilikuwa ya baridi. Ikawaka kwa mara moja. Moshi wa bluu kidogo, kama wa sigara, sekunde tano, ukaisha. Hakuna utando kwenye kifuniko. Maji ya rejeta ya kijani, masafi. Oili ya giaboksi nyekundu iliyofifia, hainuki. Barabarani gia zinaingia vizuri, breki inavuta kushoto kidogo, nyuma kulia kuna beringi inaunguruma kuanzia 60.

Kompresheni: silinda ya kwanza bar 12.0, ya pili 11.8, ya tatu 11.9, ya nne 9.6. Fundi akatia oili kijiko kwenye ya nne akapima tena, ikapanda 11.4.

Kompyuta: kitufe cha mita hakibadilishi chochote. Kompyuta ya giaboksi inasema kilometa 398,700. Hakuna hitilafu iliyohifadhiwa, lakini kuna mstari unaosema umbali tangu kumbukumbu ifutwe ni kilometa 41.

Mwambieni mtu kama mimi maana yake nini.

#48 ChumaChakavu
Maana yake shemeji.

#49 Spana14
Ya nne iko chini kwa asilimia 20 ya ya kwanza. Wengi huanza kuhangaika ikipita 10 au 15. Oili ikipandisha namba maana yake upepo unapita kwenye ringi, siyo kwenye valvu. Kwangu hiyo injini iko njiani kufunguliwa. Na kumbukumbu ilifutwa juzi, kilometa 41! Mzee kafuta taa ya cheki injini kabla hujafika.

#50 MzeeWaGereji
Mguu, silinda zilipimwa kwa mpangilio gani, na betri ina hali gani? Plagi zote zilitolewa? Fundi alikanyaga mafuta hadi mwisho wakati wa kupima?

#51 MguuChini
Ya kwanza hadi ya nne kwa mfuatano. Alitoa plagi moja moja. Kukanyaga mafuta sikumbuki. Betri mzee anasema ameinunua mwezi huu, ndiyo maana akashangaa tulipomwambia kumbukumbu imefutwa. Anasema hajui hata inafutwaje.

#52 MzeeWaGereji
Mnaona? Kuchomoa betri kwenye magari mengi kunafuta kumbukumbu hizo. Mzee anaweza kuwa hana hatia. Na kipimo cha plagi moja moja ni cha kurudia: starta inazungusha injini iliyobanwa silinda tatu, mwendo wake unashuka kila zamu, ya mwisho inapata namba ndogo bure.

#53 Spana14
Betri mpya ya mwezi huu ichoke kwa silinda nne? Na oili ikapandisha hadi 11.4 kwa betri hiyohiyo iliyochoka? Mzee, kila silinda ukiitia oili inapanda kidogo, nakubali, ila si kwa kiasi hicho.

#54 MzeeWaGereji
Pengine walipumzika kabla ya kupima tena, starta ikapoa. Sisemi ni nzima. Nasema kipimo hicho hakimfungi mtu.

#55 Baba Giaboksi
Na mimi naona moshi wa sekunde tano ni sili za valvu, haulingani na ringi. Ringi ingetoa moshi hata barabarani. Au vali ya kupumulia injini imeziba, kitu kidogo, kinaweza kuifanya injini iwe inakula oili.

#56 Dada Klachi
Zote tatu zinaweza kuwa kweli kwa pamoja, gari la umri huo si lazima liugue ugonjwa mmoja. Swali ni linakula oili kiasi gani. Vitabu vya watengenezaji kadhaa vinakubali hata lita moja kwa kilometa elfu. Mzee aseme huwa anaongeza kila baada ya muda gani.

#57 Bi Ramani
Narudi kwenye 398,700. Ukizidisha 248,000 kwa 1.609 unapata 399,032. Zinakaribiana mno kuwa bahati. Mita ni ya maili na haikuguswa.

#58 Kijana wa Cheni
Au mashine inasoma namba ileile ya dashibodi na kuibadilisha kuwa kilometa kwa mpangilio wake. Za bei rahisi hufanya hivyo.

#59 Bi Ramani
Ingekuwa hivyo zingelingana kabisa, zisipishane kilometa mia tatu na ushee.

#60 Kijana wa Cheni
Mleta uzi alisema 248,000 mviringo. Kama mita ilikuwa 247,790 je?

#61 Spana14
Kijana leo kaamka.

#62 MguuChini
Nimefungua picha. Inasoma 247,794.

#63 Bi Ramani
Sitaki kusema kitu.

#64 Mhasibu Mkali
Mara 1.609 ni 398,700. Wakuu nina wasiwasi na Kijana wa Cheni, amewahi kufanya kazi na mzee?

Mimi hesabu yangu iko hivi: mleta uzi, chukulia injini itafunguliwa ndani ya mwaka. Tafuta bei ya injini ya mtumba na ufundi wake, jumlisha belti, beringi, breki. Ikizidi ile theluthi mbili uliyookoa, pita. Ikibaki pesa, mrudie mzee na karatasi ya vipimo mkononi mkazungumze bei upya. Maili au kilometa, mtajuana njiani.

#65 Mama Safari
Nami nasema mrudie ukamwulize jirani fundi. Yupo? Kama yupo na anaikumbuka gari, hilo ndilo daftari.

#66 Ngeni Humu
Habari za humu, ndiyo nimejiunga leo. Naomba kuuliza, nimepata sedani ya 2004, 1.8 otomatiki, ya mzee mstaafu, ina stika ya belti 192,000 ndani ya boneti. Niliiona Jumanne asubuhi ikiwaka, moshi wa bluu ulikaa kama dakika nzima. Baadaye mzee kaniambia kuna kijana alikuja Jumamosi iliyofuata na fundi na mashine. Nilikuwa natafuta mambo ya mita za maili nikaangukia uzi huu.

#67 Spea Tairi
Wakuu. WAKUU. Ni yeye. Mtu mwingine anayeizungukia. Tupe hata picha ya kiatu.

#68 ChumaChakavu
Miaka yote hii nilijua ni hadithi za madalali.

#69 Spana14
Acheni mzaha. Dakika nzima Jumanne, sekunde tano Jumamosi. Katikati kuna kilichofanyika. Oili nzito imetiwa, au dawa ya kupunguza moshi.

#70 MzeeWaGereji
Au Jumanne ilikuwa imelala siku tatu na Jumamosi ilikuwa imelala usiku mmoja. Sili zilizokauka huchuruzisha kwa kadiri ya muda gari ilivyokaa.

#71 MguuChini
@Ngeni Humu karibu. Kwanza, mzee alikwambia huwa anaongeza oili kila baada ya muda gani? Pili, umemwambia utatoa kiasi gani?

#72 Ngeni Humu
La kwanza, alisema "mara moja moja". La pili siandiki hapa.